Vidole Vitatu Kati ya Tairi na Fenda

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwenye jalada, kwa kuwa shahidi hajatimiza miaka kumi na minane
Umri: Miaka 17
Kazi: Msaidizi katika gereji ya baba yake mdogo, amemaliza shule mwaka jana
Makazi: Chumba cha uani, nyumba iliyo nyuma ya gereji hiyo
Siku na saa: Ijumaa tarehe 21 mwezi wa pili, saa nne na robo asubuhi
Aliyekuwepo: Mama mzazi wa shahidi

Nimeomba kuandika maelezo haya kwa mkono wangu. Afisa aliniuliza maswali matatu, nikajibu yote matatu, naye hakusikia hata jibu moja kwa jinsi sauti yangu ilivyo ndogo, ndipo akanisogezea karatasi na kalamu. Namshukuru.

Naandika kuhusu ajali ya Jumatatu tarehe 17, ya gari dogo jeupe la mwalimu aliyenifundisha hesabu kwa miaka minne. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Mwalimu anadaiwa kuwa aliendesha kwa kasi. Baba yangu mdogo, ambaye ndiye fundi wa gari hilo, aliandika hapa kituoni Jumanne kwamba magurudumu yote manne aliyapima yeye. Yote mawili si kweli, na ninayejua ni mimi.

Mnamo Jumamosi tarehe 1 mwezi wa pili, saa tatu asubuhi, Mwalimu alikuja gereji akiwa na daftari. Shokapu za gari lake zilikuwa zimekwisha na alitaka kuweka koilova, yaani shokapu iliyovikwa springi yake pamoja, ambayo ukizungusha nati yake gari linapanda au linashuka. Alikuwa amechora jedwali kwa rula. Mstari wa kwanza, shokapu za kawaida. Wa pili, koilova ngumu za magari ya mashindano. Wa tatu, koilova laini zaidi, zenye kitufe juu cha kuzungusha ili kuongeza na kupunguza ugumu. Pembeni aliandika: kilomita kumi na nne kwenda, kumi na nne kurudi, matuta kumi na tisa, siku tano kwa wiki.

Baba mdogo alilitazama jedwali akijifuta mikono. Akasema, "Mwalimu, hili gari ni la kazi. Weka shokapu za kawaida ulale usingizi."

"Fundi, miaka ishirini na sita nafundisha pembe ubaoni. Niache nami nikate kona moja vizuri kabla sijastaafu."

"Kona haina neno. Neno liko kwenye tuta. Tuta halijui kama wewe ni mwalimu."

Mwalimu alicheka, kisha akanigeukia. "Binti, nasikia wewe ndiye unayezisoma habari za vitu hivi. Gari la kila siku, ungeweka ipi?"

Baba mdogo akasema, "Unamuuliza Redio? Hiyo redio tangu tuinunue haijashika stesheni." Huniita Redio kwa sababu siongei. Hana ubaya.

Nilinyoosha kidole kwenye mstari wa tatu. Nilikuwa nimesoma sana kuhusu koilova kwenye simu, na nilijua kwamba zile ngumu zingemchosha mtu wa matuta kumi na tisa. Mwalimu alipiga tiki kwenye mstari ule na kusema, "Alama zote." Nilifurahi siku nzima. Hadi leo naamini koilova zenyewe hazikuwa mbaya. Kilichokosewa ni urefu.

Katika jedwali lile hapakuwa na safu ya abiria. Mwalimu alikuja gereji Jumamosi, peke yake. Baba mdogo hakujua kwamba kila asubuhi ya kazi Mwalimu huchukua watu watatu pale njia panda na kuwaketisha nyuma: karani wa shule, mwalimu wa jiografia, na mwalimu wa kilimo ambaye ni mtu mkubwa wa mwili. Kiti cha mbele huweka madaftari. Mimi nilijua. Nimetembea njia ile miaka minne, na gari lile limenipita kila asubuhi.

Mnamo Jumamosi tarehe 8 koilova zilikuwa zimefika. Saa nne asubuhi baba mdogo alifungua boksi, akanipa karatasi ya maelekezo iliyokuwa ndani, akasema, "Redio, soma, uniambie kama kuna jipya." Niliisoma yote. Ilisema nati zikazwe kwa spana yake maalumu, kwamba zikaguliwe tena baada ya wiki mbili, na kwamba urefu upimwe gari likiwa na mzigo linaoubeba kila siku. Wakati huo Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi pamoja na dereva wa lori na wanaume wengine wawili nisiowajua. Baba mdogo aliuliza kwa sauti, "Kuna jipya?" Wote wakanitazama. Nikasema, "La kawaida tu."

Naomba nieleze jinsi tunavyopima pale gereji. Baba mdogo hupima kwa vidole. Gari likishakaa chini, anaingiza vidole vyake, kimoja juu ya kingine, kati ya tairi na ukingo wa fenda, yaani bati linalofunika tairi, na hapo anajua. Futi ya chuma tunayo, imening'inia kwenye msumari karibu na dirisha, ila yeye husema hiyo ni ya wateja wenye wasiwasi. Kwa miaka yote vidole vyake havijamwangusha.

Saa saba kasoro dakika kumi alimaliza mbele. Akaniita nije nione, akaingiza vidole vitatu kulia, vitatu kushoto. Wakati huohuo dereva wa lori alimwita nje kwa haraka kwa sababu lori lake lilikuwa limegoma kuwaka katikati ya barabara. Akanipa spana, akasema, "Malizia nyuma. Vidole vitatu, kama huku."

Nilimalizia nyuma peke yangu. Nilizungusha nati, nikashusha jeki, nikalisukuma gari mbele na nyuma likae sawa, nikaingiza vidole vitatu. Vyangu. Sikuifuata futi, ingawa ilikuwa hatua tano tu kutoka nilipokuwa nimechuchumaa. Nilitaka arudi akute nimefanya kama yeye afanyavyo.

Aliporudi alilizungusha gari mtaa mmoja akiwa peke yake, akarudi akasema limetulia. Nilipolitazama kwa ubavu niliona nyuma pamekaa chini kidogo kuliko mbele. Mwalimu alirudi nyuma hatua kadhaa akiwa ameshika kiuno, akasema limekaa kama paka anayetaka kuruka. Alikuwa na furaha sana. Sikusema kitu.

Mnamo Jumatano tarehe 12, kama saa moja na dakika kumi asubuhi, nilikuwa nikitembea kwenda dukani kununua balbu ya taa ya gereji. Gari la Mwalimu lilikuja nyuma yangu likiwa na wale watu watatu. Lilipopanda tuta lililo karibu na duka nilisikia mkwaruzo, kama mtu anayevuta meza sakafuni, upande wa nyuma kushoto. Mwalimu alisimama akashusha kioo.

"Mtaalamu wangu, umesikia? Linaimba."

Mwalimu wa kilimo alisema kutoka nyuma, "Linalia, si kuimba. Katuketisha chini kama watoto wa chekechea."

Karani wa shule alikuwa amekaa kushoto, juu ya tairi lile. Akasema, "Mimi mgongo wangu haukujiandikisha kwenye mashindano haya, Mwalimu. Nipe nauli nipande gari la watu."

Walicheka wote. Mwalimu akaniuliza, "Springi mpya lazima zizungumze kidogo mpaka zizoee, si ndiyo?"

Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Nilijua si ndiyo. Nilijua ile sauti ni ya tairi kugusa fenda. Nilijua kwenye karatasi iliandikwa nini, na walioketi nyuma walikuwa wananitazama usoni. Neno la kumzuia, "La," lilikuwa fupi kuliko nililosema. Lakini ningesema hivyo ningelazimika kueleza mbele ya watu wanne, na nilihisi uso unaniwaka, nikachagua neno ambalo lingewafanya waondoke.

Siku ile nilimwandikia Mwalimu ujumbe mara tatu kwenye simu na mara tatu nikaufuta. Alhamisi nilipanga kumwambia baba mdogo, nikaifanyia sentensi mazoezi nikiwa nafagia. Alipokuja alikuwa na wateja wanne. Ijumaa nilijiambia labda tairi limeshazoea.

Mnamo Jumatatu tarehe 17, saa moja na dakika ishirini asubuhi, nilikuwa nafungua mlango wa gereji. Lori la maji lilipita mbele yangu taratibu, na nyuma yake kabisa lilikuwa gari la Mwalimu. Walikuwa watu wanne ndani. Naomba jambo hili liandikwe vizuri: Mwalimu asingeweza kukimbia, kwa sababu lori lile lilimzuia hadi karibu na tuta la chini, lile la kabla ya daraja, ndipo likakata kuingia kwenye eneo la ujenzi. Kutoka tuta hilo hadi kwenye ukuta wa daraja ambapo gari lilijigonga ni hatua arobaini na moja. Nimezihesabu mwenyewe, kwenda na kurudi. Hakuna gari la kupata kasi kwenye hatua arobaini na moja likiwa na watu wanne na madaftari ya darasa zima.

Nilisikia mlio wa tairi, kisha mlio wa chuma. Nilikimbia. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limepasuka. Kwenye bega lake palikuwa na mchoro uliochimbika kuzunguka pande zote, sawasawa, kama uliochorwa kwa bikari, na ukingo wa fenda ulikuwa unang'aa kwa kusuguliwa. Mwalimu alikuwa nje, ameshika kichwa. Karani alikuwa bado ndani na mguu wake haukuwa umelala vizuri. Alikuwa ameshika kiatu chake kimoja. Akaniambia, "Nishikie mwanangu, kisipotee." Nilikishika mpaka wakampeleka hospitali. Amevunjika mfupa wa paja na bado amelazwa.

Watu waliokusanyika walisema gari lililoshushwa ni gari la mbio, na mzee kama yule alitafuta ujana barabarani akaupata. Nilisimama katikati yao na kiatu mkononi.

Tangu siku hiyo Mwalimu ameambiwa asiingie darasani mpaka shauri lake liishe. Akipatikana na kosa la mwendo, nasikia hatarudi kabisa.

Jumanne tarehe 18, saa kumi na moja jioni, baba mdogo alirudi kutoka hapa kituoni. Alikaa kwenye ndoo ya oili iliyofunikwa, akasema, "Nimewaambia magurudumu yote manne ni yangu, nimeyapima mwenyewe, yako sawa." Nikamwambia, "Baba mdogo, ya nyuma ni mimi." Akasema, "Wewe ndiyo kwanza unaanza. Mimi jina langu limeshachakaa, likiongezwa kiraka hakionekani." Kisha akaniambia nimletee maji ya kunawa.

Alhamisi tarehe 20, saa mbili asubuhi, niliishusha futi ya chuma kutoka kwenye msumari. Nilimwomba anyooshe vidole vitatu. Alinyoosha bila kuniuliza. Vilikuwa milimita sitini na tatu. Kisha nikapima vyangu, milimita arobaini na mbili. Nilimwonyesha. Alitazama futi kwa muda, halafu akautazama mkono wake kama mtu ambaye hajawahi kuuona.

"Sasa?" akauliza.

"Kesho nitakwenda kituoni."

"Kule watu watakutazama."

"Najua."

"Na wakikuuliza kuhusu mimi?"

Nikamwambia nitasema kilichotokea. Akatikisa kichwa, akarudi chini ya gari.

Kwa hiyo nasema kilichotokea. Baba mdogo ndiye aliyenifundisha kupima kwa vidole, na hakukagua nyuma nilipomaliza. Hilo ni lake. Lakini hakuwa na habari ya abiria, hakusomewa karatasi yote, na hakusikia mkwaruzo wa Jumatano. Hayo matatu nilikuwa nayo mimi peke yangu, na ningeweza kuyasema yote kwa pumzi moja.

Mama, ambaye amekaa hapa pembeni yangu, jana usiku alisema majuto ni mjukuu. Nina miaka kumi na saba na tayari ninaye. Sikuja ili nionewe huruma. Nimekuja kwa sababu mtu aliyeniuliza swali kwa wema nilimpa jibu la uongo, naye akaendesha gari kwa siku tano akiliamini.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya, nimeyaandika kwa akili zangu timamu na hakuna aliyenilazimisha.

Saini ya shahidi: (imewekwa)
Saini ya mama mzazi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA ALIYEPOKEA

Nimemsomea shahidi maelezo haya mbele ya mama yake, saa sita kasoro dakika tano mchana, na amekubali kuwa ni sahihi. Hakubadilisha neno. Nimeagiza tairi na fenda ya nyuma kushoto vikaguliwe upya, na fundi aitwe tena kuhusu maelezo yake ya tarehe 18.

Wakati wa kumtoa shahidi nje, mwenye gari alikuwa kwenye benchi la korido akisubiri kuitwa. Nilimjulisha kuwa kuna maelezo mapya katika shauri lake. Aliuliza ni ya nani. Kabla sijajibu, shahidi alijibu mwenyewe, "Ni yangu, Mwalimu. Ile Jumatano nilikudanganya," kwa sauti iliyosikika hadi kaunta, na watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka.

Mwenye gari alisogea kidogo kwenye benchi, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja, na shahidi akabaki amesimama.