Pembe ya Tano

Jumanne, 4 Machi

Kisu kipya cha mashine ya kukatia mabati kimefika! Cha kuviringisha kingo — ubavu umebonyea ndani kama kiuno. Oda: mabamba themanini ya alumini, ya kichwani mwa vitanda vya wodi ya watoto. Ya zamani yalikuwa na kingo kali, mtoto mmoja akachanika shavu. Sasa wanataka kingo zote mviringo, nusu kipenyo milimita tano. Meneja kanikabidhi mimi. Sijawahi kukiandikia programu kisu cha aina hii. Nikasema "sawa bosi" kama vile nimezaliwa nacho.

Kwenye programu nikajaza kipenyo cha juu cha kisu, milimita kumi na sita. Kisu kikazunguka bamba zima, ukingo ukabaki mkali vilevile. Fundi wa kuchomelea — tunamwita Kipara, nywele anazo tele — akacheka mpaka akavua miwani. Eti dada, hiyo mashine inakata au inasalimia?

Jumatano, 5 Machi

Nimekipata! Kinachohesabiwa ni ncha ya chini: kipenyo sita. Kwa hiyo katikati ya kisu ikae milimita tatu nje ya ukingo, na ncha ishuke tano kamili. Mara ya kwanza nilishusha zaidi kidogo, juu kukabaki ngazi nyembamba kama ukucha. Nikapandisha. Safi! Laini kama sabuni.

Nikaja na bamba la majaribio nyumbani, kwa Mama. Macho yalimwishia mwaka juzi, lakini vidole vyake havidanganyiki. Akalipakata, akapitisha kidole ukingoni.

"Laini kweli, mwanangu. Lakini mbona lina pembe tano?"

Nikacheka. Nikamshika kidole, tukahesabu wote: moja, mbili, tatu, nne, tumerudi tulipoanzia. Akasema haya, nne. Kwa sauti ileile anayotumia kumwambia daktari kwamba amelala vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Mabamba arobaini yamekwenda wodini asubuhi. Yamebaki arobaini.

Kuna kitu. Kisu kikifika kwenye pembe kinapunguza mwendo, mashine inaguna. Pembe nne, miguno minne. Leo nilikuwa nimefumba macho, nimechoka tu — nikasikia mitano. Nikaanzisha bamba lingine, macho wazi: minne. La tatu, nimefumba: mitano.

Nimesoma programu mstari kwa mstari. Pembe nne! Hiyo ya tano iko wapi?

Nikamwomba Kipara afumbe macho asikilize. Alisikiliza bamba moja. Hakuniambia kahesabu ngapi. Akarudi kwenye kazi yake, na mchana kutwa hakumtania mtu.

Meneja: vipimo viko sawa? Viko sawa. Basi endelea.

Jumamosi, 8 Machi

Sista wa wodi kapiga simu. Kwanza kushukuru. Tangu mabamba yafungwe watoto wametulia, hakuna anayelia! Wamefumba macho, kila mmoja kidole ukingoni, kinazunguka, kinazunguka. Wakiletewa chakula hawageuki.

Nikamwuliza, na ukimtoa mtoto mkono?

Akasema amejaribu kwa mmoja. Hatajaribu tena.

Nimempigia Meneja, nikamwambia yaliyobaki tusipeleke. Kasema niache ushirikina, lori linakuja Jumatatu.

Jumapili, 9 Machi

Mchana. Jirani anafua, redio yake inaimba. Nilitaka nijue kabla ya lori. Nikaweka bamba la majaribio mezani, nikamwambia Mama nalijaribu.

"Usianze, mwanangu."

Kwa nini?

"Mimi niliacha kwenye ya tano. Lilikuwa linaendelea."

Nikafumba macho. Moja. Mbili. Tatu. Nne — na kidole kikakata kona nyingine! Kona safi, milimita tano, kazi yangu kabisa. Mbele yake ukingo mrefu, wa baridi. Kisha ya sita.

Nikafumbua macho. Bamba lina pembe nne, naliona. Kidole hakijasimama.

Naandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko umepindapinda. Mama kanishika kifundo cha mkono, kavuta mpaka kaanguka kitini. Mkono hauumi. Hilo ndilo linalonitisha — hauumi, na hautoki. Ya kumi na nane.

Nimemwambia aache kuvuta, achukue simu. Namtajia namba ya wodi, anabonyeza kwa kupapasa. Lazima wayafungue yale mabamba, yote, leo hii. Inaita. Ya ishirini na sita. Inaita.

Imepokelewa! Mama kaweka sauti kubwa. Sista, Sista, ni mimi! Hajibu. Nasikia pumzi yake karibu na simu, na nyuma yake sauti ndogondogo, nyingi, za pamoja, wala hazina haraka. Elfu tisa na mbili. Elfu tisa na tatu.

Mama anauliza, hao watoto wanahesabu nini?

Thelathini na moja.