Nane Juu ya Tatu

Jumamosi, Temeke. Mvua imenyesha tangu alfajiri, umeme umekatika mara mbili, na sasa ni jioni niko kitandani na simu yenye chaji kidogo. Nyie wachache mliozoea kusoma hapa malalamiko yangu kuhusu majirani na bei ya nyanya, leo mnisamehe. Leo ni habari ya baba yangu.

Baba yangu simjui. Alifariki kwa homa nikiwa bado natambaa, miaka ile ya Ujamaa. Mama akaolewa tena na mtu mwema, aliyenilea na kunisomesha bila kunibagua, na kwa heshima ya huyo mtu mwema Mama aliacha kabisa kumtaja yule wa kwanza. Hatuna picha yake hata moja. Hatuna kofia yake, wala saa, wala kikombe alichonywea chai.

Ninachokijua nimekiokota kwa watu. Alitoka Masasi akiwa kijana, akawa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo huku Temeke, kimojawapo cha vile vilivyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha. Kiwanda kilikuwa na timu ya mpira ya wafanyakazi, na baba alivaa namba nane. Siku moja timu hiyo ya mafundi na watia rangi iliifunga timu kubwa ya mjini bao moja kwa bila. Bao lilikuwa la baba. Wazee wa mtaani kwetu hadi leo hawaniiti kwa jina langu, wananiita Binti Nane. Nina zaidi ya miaka hamsini, nina wajukuu, lakini nikiitwa hivyo nageuka haraka sana.

Namtamani. Sijui neno jingine. Watu wanadhani huwezi kumkosa mtu usiyemkumbuka, nami nawaambia unaweza, tena vibaya, kwa sababu huna hata pa kushikia.

Basi mwezi uliopita nikaona picha mtandaoni. Kuna kijana anaitwa Shabani, ana duka Mwananyamala. Anauza vitu vya michezo vya zamani: medali, viatu vya njumu, na jezi. Anasisitiza kwamba jezi zake si za mtumba, ni jezi zilizochezewa mechi, na kuna watu wazima wenye akili zao wanazitafuta na kuzitundika ukutani. Kile kiwanda cha Temeke kilipouzwa, stoo yake ikaondolewa vitu, na Shabani akanunua gunia zima la jezi za ile timu. Kijani iliyopauka, kola nyeupe, namba zimekatwa kwa kitambaa na kushonwa kwa mkono. Moja ilikuwa na nane mgongoni. Chini yake kaandika: jezi aliyovaa Nane mwenyewe siku ya bao. Na cheti kipo, chenye muhuri.

Nililia dukani kwake, sitaficha. Nilinunua kwa pesa ambayo sitaitaja, maana mume wangu naye husoma hapa.

Lakini nisingeweza kumpa Mama hivi hivi. Mimi nafanya kazi ya bima, nakagua madai ya watu, na kazi hiyo kwa kifupi ni kutoamini. Nikaificha jezi kabatini kwangu wiki nzima. Mama, tangu mume wake wa pili alipofariki, anaishi nami, hivyo nilikuwa nasubiri atoke kwenda msibani au kwa jirani, naitoa, naikagua. Niliimulika kwa tochi ya simu. Niliigeuza nje ndani. Nikaupiga picha kila mshono, hadi wa kwapani.

Nikakuta nilichozoea kukuta kazini. Uzi ulioshonea ile nane ulikuwa mpya, unang'aa. Chini yake kitambaa kilikuwa kijani kibichi, mahali ambapo jua halikufika kwa miaka mingi, na kile kibichi hakikuwa na umbo la nane. Kilikuwa na umbo la tatu, pamoja na vitundu vya sindano ya zamani vikiizunguka pande zote.

Mtu alifumua tatu akabandika nane.

Jumatatu nikairudisha. Nilimpigia Shabani kelele hadi wauza maji wa barabarani wakaja kuchungulia. Nikaitupa jezi juu ya kaunta yake, nikamwambia ni mwizi wa maiti. Kijana hakubisha. Alihesabu pesa, akanirudishia, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sista, jezi yenyewe ni ya kweli, wallahi ni ya lile gunia. Namba tu ndo nimebadili. Tatu nani atainunua?"

Nilitoka pale nikijiona mjanja kuliko watu wote wa Mwananyamala.

Leo asubuhi, mvua inanyesha, Mama amekaa jikoni anachambua mchele. Nikaona nimchekeshe. Hasira zilikuwa zimeshaisha, na habari yenyewe ilikuwa imegeuka ya kuchekesha kwangu, jinsi wajanja wa mjini wanavyouza tatu kwa jina la nane. Nikamsimulia yote.

Hakucheka. Mkono ukatulia ndani ya ungo.

"Tatu?" akaniuliza. "Una hakika ni tatu?"

Nikamwambia nina hakika.

"Siku ile baba yako alivaa tatu."

Ndipo Mama, ambaye katika maisha yangu yote hajawahi kunipa zaidi ya sentensi mbili juu ya baba, akaongea hadi maji ya wali yakakauka jikoni.

Timu zilikuwa na kamati ya ufundi, akasema, na kamati hiyo haikuhusika na ufundi wa mpira, ilihusika na waganga. Usiku wa kuamkia mechi mganga wao alikuja na habari mbaya: wenzao wa mjini wameshamfunga namba nane miguu, akiingia uwanjani hataona goli. Dawa ilikuwa rahisi. Mwenye nane avae tatu, na beki wa tatu avae nane, ili kifungo kimpate mtu ambaye hata hivyo hafungi magoli. Hakuna aliyeona ajabu. Jezi hazikuwa za mtu, zilikuwa za kiwanda, seti moja tu iliyonunuliwa kwa michango ya wafanyakazi, zikifuliwa kwa zamu na wake zao.

"Sasa mie nani aniambie?" Mama akasema. "Nilikuwaga bi harusi, nimekaa na wanawake wenzangu, namshangilia nane kipindi kizima. Nashangaa, mbona mume wangu leo kazi yake kupiga mpira nje tu? Nikaanza kuona aibu. Halafu tatu akafunga. Tatu akakimbilia uzio wetu, kumtazama, baba yako! Nilipiga ukelele, kandambili moja sijaiona mpaka leo."

Alicheka kidogo. Kisha akafuta macho kwa pindo la kanga.

Jioni ile ile kamati iliichoma moto jezi namba nane, kwa kuwa ilikuwa imebeba kifungo. Nyingine haikununuliwa, miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Baba akaendelea kuvaa tatu, beki akatafutiwa fulana nyingine, na watu uwanjani wakaendelea kumwita Nane kwa mazoea. Alicheza na tatu hadi homa ilipomchukua.

Kwa hiyo nane haipo. Kila nane inayouzwa mji huu ni uongo, na jezi pekee iliyolala mgongoni kwa baba yangu siku ya bao ni ile niliyoitupa juu ya kaunta ya Shabani.

Mama hakuniambia niende. Alirudi kwenye mchele wake. Nilichukua mwavuli nikaenda mwenyewe.

Shabani aliponiona alisimama nyuma ya kaunta kwa tahadhari. Jezi ilikuwa imeshauzwa Alhamisi. Sikupiga kelele safari hii. Nilimwamkia vizuri, nikamweleza, naye akasikiliza mdomo wazi. "Ina maana nilikuwa na ya kweli nikaiharibu?" akasema. Akampigia mnunuzi simu mbele yangu, akamwambia tu kwamba kuna mgeni anakuja kuiona jezi.

Mnunuzi anakaa Bunju. Kutoka kwetu ni kuuvuka mji wote, na kwa mvua ya leo nilifika adhuhuri imepita, viatu mkononi. Ni mzee mmoja mpole, Mzee Kimaro, mstaafu, amejenga nyumba nzuri na chumba kizima cha jezi. Niliposema mimi ni binti wa Nane alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akamwita mkewe, akamwita jirani. Akanipeleka ukutani.

Ilikuwa ndani ya fremu, nyuma ya kioo, na taa ndogo juu yake.

Akanisimulia mimi habari za baba yangu. Jinsi alivyokuwa mkali wa mguu wa kushoto, jinsi jezi hii ya nane ilivyokuwa imelowa siku ile. Alikuwa kijana mdogo, alisikiliza mechi redioni, na amempenda Nane tangu hapo. Nilimsikiliza nikaona wivu, kwa sababu hata yeye ana kumbukumbu.

Nikamwambia ukweli. Kwamba nane imebandikwa, kwamba mimi mwenyewe niligundua nikairudisha jezi dukani, kwamba chini kuna tatu na tatu ndiyo baba. Uso wake ukabadilika. Akanionyesha cheti chenye muhuri. Akaniuliza kwa upole kama nina uthibitisho wowote.

Mimi nimeshawauliza wajane wangapi swali hilo, nimekaa kwenye kiti changu chenye magurudumu, nikiwa na upole ule ule?

Nikajibu, ninaye mama yangu tu.

Akakigeuza kile cheti mkononi. Nilijua anachofikiria, maana ningefikiria hivyo hivyo: huyu mwanamke anataka kuishusha thamani aichukue bure. Mwisho akasema, "Mlete mama kesho, dada yangu. Nitafungua kioo mbele yake, tuifumue hiyo nane. Tukikuta tatu, na yeye mwenyewe akaniambia ni ya mumewe, muichukue. Mimi nilimtaka Nane. Kama Nane alivaa tatu, basi mwenye haki nayo zaidi ni mama."

Nilirudi Temeke sioni hata mvua.

Mama akakataa.

"Mie niende Bunju kumthibitisha mume wangu?" akasema. "Mbele ya mtu nisiyemjua? Siendi." Nikabembeleza. Akasema tena siendi, halafu akanigeuzia mgongo, na kwa sauti nyingine kabisa akasema kinachomtisha. Tatu ile ilivaliwa na beki kabla ya baba, na baada ya baba hajui ilivaliwa na nani na nani. Amekaa miaka yote hii bila kitu, amezoea. Akiishika kesho akakuta ni jezi ya watu wengine, atakuwa amempoteza tena, na safari hii ni mzee, hana nguvu ya kuanza upya.

Nimezoea madai ambayo yana jibu.

Baada ya kitambo akaniuliza, bila kugeuka, "Wiki ile uliyokuwa nayo kabatini. Ilikuwa inanukaje?"

Nikamjibu, "Mafuta ya karafuu."

Akageuka. Sijawahi kuuona uso ule. Nimeishi na mama yangu miaka yote hii na kumbe kuna msichana ndani yake ambaye hakuwahi kutambulishwa kwangu. "Alikuwaga anajichua nayo magoti," akasema. "Kila usiku. Shuka zote zilinuka karafuu." Akajifunga kanga upya. "Basi ni yeye. Tutatoka saa ngapi?"

Sasa yuko chumba cha pili. Nasikia sanduku linafunguliwa, anatafuta kitenge cha kuvaa kesho.

Na mimi nimelala hapa naandika. Nilikaa na ile jezi wiki nzima. Niliimulika, niliigeuza, nilihesabu vitundu vya sindano. Sikuinusa. Haikunijia hata mara moja kuiweka usoni, kwa sababu nilikuwa natafuta uongo, na uongo hautafutwi kwa pua. Mafuta ya karafuu nimeyabuni. Mchezaji gani wa zamani hapa pwani hakujichua na mafuta ya karafuu? Nilimtazama mtu anayetaka kuamini, nikampa kile ambacho angekinunua. Shabani hakufanya zaidi ya hapo.

Nimwambie sasa hivi? Nikimwambia, haendi, na jezi inabaki Bunju nyuma ya kioo. Nikinyamaza, kesho Mzee Kimaro atafungua fremu, nane itafumuliwa, tatu itaonekana, na Mama hataitazama hiyo tatu. Ataiinua jezi moja kwa moja hadi puani.

Akikuta vumbi tupu, atanitazama mimi.