Picha Zako Ziko Ukutani

Wamagana,
Nyeri.
14 Juni, 1976

Mpendwa ndugu yangu Theuri,

Pokea salamu zangu za upendo, ingawa nazituma kwa mkono mmoja, maana wa pili umeshika kikombe cha uji. Hujambo huko Torino? Kile kifua kilichokusumbua mwaka jana kimepona? Unakula vizuri, au bado ni ile mikate migumu uliyotuandikia habari zake tukacheka? Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Mama magoti yanamsumbua akipanda mlima wa kutoka kanisani, lakini hakubali kushikwa mkono.

Huku baridi ya Juni imeingia. Ukungu unashuka kutoka milima ya Nyandarua tangu asubuhi, na wachumaji chai wanaota moto kwanza kabla ya kubeba vikapu. Wewe unasema kwenu sasa ni joto na watu wanatembea bila koti. Sibishi, lakini vaa kitu kizito hata hivyo.

Yule ng'ombe unayemuulizia katika kila barua alizeeka, tukampeleka soko la Karatina zamani. Naomba usimuulizie tena, kwa sababu Mama huhuzunika. Binti yake ndiye tunayemkama sasa, na ana tabia mbaya kama mamake.

Barua yako ya mwezi wa nne ilifika. Nilimsomea Mama, halafu nikaisoma tena peke yangu. Unasema huko kuna watu wanaokusanya picha za sinema za zamani: zile kadi nene zilizokuwa zikipangwa nyuma ya kioo kwenye mlango wa sinema, na yale mabango makubwa ya kukunjwa. Unasema wanazitia kwenye fremu kama picha za watakatifu, na kwamba baadhi ya zile ulizoziacha kwetu hazipatikani tena hata kwao zilikotengenezwa. Mwenye duka mmoja amekuahidi ukuta mzima wa kuzionyesha, na jina lako litaandikwa chini. Kwa hiyo unataka sanduku lako la bati tumpe Padre anayekwenda likizo Agosti, na unaniomba nihakikishe hakuna picha itakayokunjwa.

Ndugu yangu, keti kwanza. Sanduku lipo, lakini siku hizi Mama huweka mbegu za mahindi ndani yake. Picha hazimo.

Usidhani nimesahau zilivyokuwa na maana kwako. Nakumbuka ulipokuwa ukikata tikiti kwenye sinema ya Nyeri mjini. Filamu ikimaliza siku zake, ilipandishwa basi kwenda Nanyuki pamoja na picha zake, lakini picha iliyochanika pembe au kuingia tope mwenye sinema aliitupa, nawe ukaileta nyumbani umeificha ndani ya koti. Vijana wa rika lako walikuwa wakinunua baiskeli. Wewe ulikuwa na Waitaliano wa vifua wazi wenye panga, na Wafaransa waliokuwa wakivuta sigara kwa huzuni, na hukuweza kutamka hata jina lao moja. Ulizipangusa uchafu kwa sehemu laini ya ndani ya mkate, Mama akakufukuza jikoni kwa sababu ya mkate. Nilikucheka sana wakati ule. Sasa nasikia kumbe wewe ndiye uliyekuwa na macho.

Siku mapadre walipokuchukua kwenda Italia kujifunza kazi ya kupiga chapa, ulimwambia Baba akutunzie picha hizo mpaka utakaporudi. Ulisema mwaka mmoja au miwili. Baba aliliweka sanduku chini ya kitanda chake na ufunguo akaufunga kwenye mshipi. Hatukuruhusiwa hata kulipangusa vumbi.

Halafu zikaja zile mvua zilizovunja daraja. Paa la Baba lilivuja, bati la sanduku likashika kutu upande wa chini, na panya wakaingia. Alipolifungua alikuta yule shujaa wa Kiitaliano wa kuinua mawe hana miguu. Theuri, Baba alikaa kitandani ameishika ile picha, chai ikapoa. Aliuliza kitu kimoja tu: mwenyewe akirudi, nitamwambia nini?

Nawe unajua karatasi inavyotunzwa huku. Nyumba zetu ni za mbao, na upepo hupita katikati ya ubao na ubao kana kwamba umealikwa. Wewe mwenyewe ulijifunzia kusoma kwenye ukuta wa jikoni, shingo imepinda, kwa kuwa Mama alikuwa amebandika gazeti kichwa chini. Karatasi ya thamani kwetu hukaa ukutani: kalenda ya misheni, picha ya harusi, cheti cha ubatizo. Iliyo sandukuni ni ya panya.

Basi Baba alimwambia Mama apike gundi nzito ya unga wa ngano, atie na pilipili ili mende wasiile. Alifunga kamba kutoka pembe hadi pembe ili mistari inyooke, akabandika kadi zote na mabango yote, kuanzia kitandani mpaka kwenye dari. Kila moja aliikandamiza kwa chupa, pole pole, isibaki hata na pumzi ya hewa chini yake. Alipomaliza alituita wote. "Sasa hata panya akitaka, apande ngazi," akasema. Sijawahi kumwona anajivuna vile, hata siku kahawa yake ilipopewa daraja la kwanza.

Naomba usimkasirikie. Mtu hutunza kwa namna anayoijua.

Kijiji kizima kilikuja kutazama. Watiri, jirani yetu, alisimama mbele ya bibi mmoja mwenye shanga shingoni, akaniuliza, "Na huyu ndio bibi ya Theuri? Ngai, ni mrembo, lakini hiyo mkono haijawahi kushika jembe." Kulikuwa na kadi moja ya bwana na bibi waliokuwa wakibusiana, na akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kusali rozari. Mama akapigilia kalenda ya misheni juu yao. Kila Januari tunabadilisha kalenda kwenye msumari uleule, na nadhani wale wawili bado wanaendelea huko chini.

Baba alikuwa akiwatembeza wageni ukutani. Hapa Theuri hununua mkate, alisema, na hapa ndipo kanisa lake lilipo, na kule nyuma ya lile jumba ndiko anakolala. Sijui zile picha zilipigwa wapi. Labda Roma, labda Paris, labda ni mbao zilizopakwa rangi tu. Kwa Baba ulikuwa mji mmoja, na wewe ulikuwa ndani yake mahali fulani.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliogopa. Baba alipougua, aliniamuru nikuandikie kwamba ni homa. "Mtu akiwa kazini haitwi kwa sababu ya homa," alisema, nami nikaandika hivyo hivyo. Najuta mpaka leo. Lakini na wewe, Theuri, barua tatu mfululizo zilisema homa na hukuuliza ni homa gani hiyo isiyopona. Nimelisema, sitalirudia.

Tulikigeuza kitanda chake ili alalie ubavu usiouma, na hivyo uso wake ukaelekea ukuta. Karibu na mto kuna kadi moja ya mtaa wenye mvua. Watu wanangoja lile gari la reli la barabarani, tramu uliyotuandikia, na mbele yao amesimama mtu mwenye koti refu, kofia mkononi, ametupa mgongo. Uso wake hauonekani. Sijui kama unaikumbuka, kwa sababu hakuna panga wala farasi ndani yake.

Baba alisema huyo ni wewe.

Nilimwambia, "Baba, hii picha Theuri aliileta mwenyewe. Ilikuwa hapa kabla hajaenda."

Akanijibu, "Hiyo najua. Lakini angalia hiyo bega."

Nikaangalia. Ni kweli, bega moja limeshuka, kama lako tangu ulipoanguka kutoka kwenye mkuyu ukirina asali. Kuanzia hapo akawa anakuamkia kila asubuhi kabla ya kutuamkia sisi, na jioni alikuwa na malalamiko. "Huyu kijana anangoja gari gani haifiki?" Mdogo wetu Mutahi alidhani mzee amechanganyikiwa, akataka tumwite daktari. Hakuwa amechanganyikiwa. Bei ya chai aliijua, na ni nani alikuwa hajapalilia shamba lake alimjua.

Asubuhi moja aliniomba nifungue dirisha, mwanga uingie vizuri, nimwambie kama umegeuka. Nikatazama, nikamwambia, "Bado, Baba." Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa. Hakuniuliza tena, na Jumapili ile tukampoteza. Theuri, ningepungukiwa nini kama ningemwambia umegeuka? Nafundisha watoto wasiseme uongo, lakini ule mmoja natamani ningeusema.

Simu yako ya maandishi ya rambirambi ilikuja baada ya mazishi, na baadaye ile kadi yenye maua. Mama aliibandika ukutani pia, kwa gundi ileile.

Basi barua yako ilipokuja, nilitaka kwa kweli kukufanyia ulichoniomba. Umeishi miaka mingi ugenini, na mtu akitaka kukuandikia jina chini ya ukuta, mimi dadako nitakuzuia kwa nini? Jumamosi nilimwita Mutahi, tukachemsha maji, tukawa tunapuliza mvuke wa birika kwenye picha huku tukiingiza kisu cha siagi pembeni. Farasi wa bango la kwanza alitoka hadi shingoni, mwili wote ukabaki kwenye mbao. Bibi mwenye shanga alichanika usoni. Ya tatu ilitoka nyuzi nyuzi kama nyama iliyoiva sana. Ile chupa ya Baba, ndugu yangu, ilifanya kazi yake.

Mutahi alitupa kisu chini. "Dada, hii ni kuchuna mbuzi na kijiko. Wacha tukate mbao zenyewe na msumeno."

"Na Padre atabeba ukuta?" nikamuuliza.

Tulicheka, lakini tulikuwa tumeharibu tatu. Nikasema tujaribu angalau moja ndogo, usikose kabisa. Ile ya karibu na mto ilikuwa imeinuka pembe moja, pale Baba alipozoea kuigusa kwa kidole. Mvuke uliingia vizuri chini yake. Ilianza kuachia nzima, bila hata mkwaruzo, nikafurahi kwa ajili yako.

Mama alikuwa mlangoni. Tangu mazishi yeye ndiye analala kwenye kitanda kile, na hatukumuuliza sababu.

"Hizo zingine mpelekee, hata na mbao mkitaka," alisema. "Huyu mwacheni."

Nikamweleza kwa upole. "Mama, si unajua huyu si Theuri?"

"Ni nani amesema ni Theuri?" akanijibu. "Theuri alienda. Huyu amekaa nasi."

Aliingia, akaketi kitandani, akangoja nimalize. Nilikoroga unga kidogo, nikaibandika ile pembe tena, naye akaikandamiza mwenyewe kwa gumba mpaka ikashika.

Kwa hiyo mwambie yule mwenye duka kwamba hakuna sanduku. Zile zilizochanika nimezihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo, na Padre atakuletea, ingawa sidhani zitakufaa. Hizo nyingine utazikuta zilipo. Sikuiti kwa ajili ya karatasi, Theuri. Mama hajui kuita mtu, hajawahi, na mimi nimechoka kukuandikia kwamba hatujambo. Njoo wakati bado anaona tofauti kati yako na huyo wa ukutani, na njoo akuone uso.

Mutahi anakusalimu na anasema msumeno wake uko tayari. Watiri anakusalimu, bado anauliza bibi yako atakuja lini kumsaidia kuchuma chai. Watoto wangu wanamsalimu mjomba wasiyemjua. Mama nilimuuliza niandike salamu gani kutoka kwake. Alisema nikuulize kama bega bado linakuuma wakati wa baridi.

Mungu akulinde katika nchi ya watu, akulainishie moyo, akufungulie njia ya nyumbani.

Mimi dada yako akupendaye, hata anapokukasirikia,

Wacera