Ndoo Sita Juu ya Paa

3 Machi

Mjomba mpendwa,

Jambo hili sijamwambia mtu mwingine yeyote, na nikianza na salamu najua nitalikwepa, kwa hiyo nalitanguliza: mchicha ambao mama amekuwa akiusifu kwa majirani wiki tatu hizi sikuununua. Nimeuotesha mwenyewe, juu ya paa la jengo letu, ndani ya mabeseni mawili.

Shikamoo. Sasa naweza kukusalimia vizuri. Natumaini u mzima na mgongo haukusumbui tena kwa kuinua yale masufuria ya hospitali. Sisi hatujambo. Nakuandikia barua kwa sababu simu ni ya mama, na unamjua dada yako: ujumbe wowote ukiingia anausoma kwa sauti.

Ilianza hivi. Nilipomaliza shule mama alisema, "Sasa wewe ni mtu mzima. Kuanzia leo mboga ni kazi yako." Muuza mboga wa mtaani kwetu wanamwita Mama Filimbi kwa ajili ya sauti yake. Hana ubaya, ila hawezi kumhudumia mtu bila kumtangaza. Siku ya kwanza aliniona nikiwa bado ng'ambo ya barabara. "Haya, mpisheni mwali wangu apite! Leo umemeza ulimi, au umeuacha nyumbani?" Watu wote wakageuka. Nilitaka mchicha, Mjomba, lakini neno halikutoka. Nilinyoosha kidole tu, kikaangukia kwenye vitunguu. Nikarudi na vitunguu. Kesho yake pia nikarudi na vitunguu. Siku ya tatu mama aliniuliza kama tunafungua duka.

Basi nilipopanda juu kuanika nguo nikaona mabeseni mawili yaliyopasuka, yametupwa. Udongo niliupata kwenye kiwanja kinachojengwa nyuma yetu, na mbegu kwa mzee mmoja wa duka la pembejeo ambaye haongei, kwa hiyo tunaelewana sana. Pesa ya mboga huirudisha kwenye mkoba wa mama kidogo kidogo. Yeye anadhani siku hizi amejifunza kubana matumizi.

Nina shida mbili. Ya kwanza, nimeokota ndoo sita za rangi, nzima kabisa, nimezisugua hadi zikang'aa, nikapanda spinachi na giligilani. Zote zinageuka njano na udongo unanuka. Mabeseni mabovu yanazaa na ndoo nzima zinaoza, kwa nini? Ya pili, mama anamwambia kila mtu, "Binti yangu ile aibu imemtoka, anachagua mboga kuliko mimi." Akisema hivyo nakimbilia kuosha vyombo.

Mpwa wako

14 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba sana. Mgongo umepona, sasa ni goti. Mwili wangu ni kama jiko letu la hapa hospitalini, ukiziba huku linavuja kule.

Nimecheka barua yako mpaka wapishi wenzangu wakadhani nimepata mchumba. Nisikilize. Mabeseni yako yanazaa kwa sababu ni mabovu. Maji yanapata pa kutokea. Hizo ndoo zako nzuri umezifanya mabwawa, na hakuna mzizi unaojua kuogelea. Pasha msumari moto, toboa kila ndoo matundu sita au saba kwenye kitako, weka kokoto kidogo chini kisha udongo, na usimwagilie mpaka utie kidole na kukuta pamekauka. Panda na nanaa, ila iwe peke yake kwenye ndoo yake. Nanaa ni kama shemeji yangu mmoja, ukimpa kona anachukua nyumba.

Kuhusu dada yangu, hapo sina msumari. Mimi ni mdogo wake, na akijua nimeficha neno atanishika sikio, goti au si goti. Nitanyamaza. Lakini mwambie wewe, kabla mboga hazijakusemea.

Mjomba wako

18 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nisamehe kwa kukaa kimya mwezi mzima. Kwanza nilikuwa na furaha mno hata sikutulia niandike, halafu nikawa na hofu mno.

Furaha ni hii: matundu yalifanya kazi. Spinachi ina majani makubwa kama kiganja chako, giligilani unainusa tangu kwenye ngazi, na nanaa ni kweli, ni shemeji.

Kisha Jumatatu iliyopita mama alikwenda kwa Mama Filimbi kumshukuru kwa kunitunza na kuniuzia spinachi nzuri. Mimi nilikuwa nyuma yake, natamani barabara ipasuke. Mama Filimbi alinitazama, akamtazama mama, akasema, "Usijali, dada. Huyu ni mteja wangu wa kufa na kuzikana." Nilipopita kesho yake akanidaka mkono, na kwa mara ya kwanza akanong'ona. "Mwali, jana nimesema uongo kwa ajili yako. Sasa niambie, huyo anayekuuzia spinachi nzuri kuliko yangu ni nani? Nikamtukane." Nilimpelekea kishada cha nanaa, kwa kuwa kueleza nilishindwa. Akakinusa, akasema yake hunyauka kabla ya adhuhuri na kwamba angependa nimletee kila asubuhi. Nilikimbia bila kujibu.

Sasa hofu. Mvua zimeanza, na dari la mwalimu mstaafu anayekaa ghorofa ya juu kabisa limelowa mpaka kipande kimeanguka kwenye chai yake. Mjomba, nilizipanga zile ndoo kuzunguka mdomo wa bomba linaloshusha maji ya paa. Niliona ni akili, maji yakitoka kwenye matundu yaingie moja kwa moja. Sikufikiri kwamba na udongo ungetoka nayo. Bomba limeziba kwa udongo wangu. Nimeuona kwa macho, nimetoa konzi tatu usiku wa juzi, lakini umeshuka ndani zaidi.

Anayelaumiwa ni Babu Funguo, mtunza jengo, kwa kuwa funguo za paa ni zake. Wapangaji wanasema ameacha watu wageuze paa shamba, na kwamba afukuzwe. Yeye hajui ndoo ni za nani. Hunipa funguo nikaanike nguo, na hajawahi kuniuliza kitu, husema tu, "Pita, binti mtulivu." Kuna mkutano Alhamisi jioni pale chini kwenye ngazi. Nikisema ni mimi, bustani itatupwa na mama ataaibika mbele ya jengo zima. Nisiposema, Babu Funguo hana kazi. Najua lipi ni sawa. Ninachoogopa ni kinywa changu.

Nijibu upesi.

Mpwa wako

22 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti lisikuhangaishe.

Matundu nilikushauri mimi, nikasahau kukuambia uweke visahani chini ya ndoo na matofali ya kuziinua. Kwa hiyo nusu ya kosa ni yangu, na ukitaka litaje jina langu mkutanoni, mimi niko mbali, hawatanifikia.

Sitakuja kukusemea, ingawa nimefikiria. Ningekusemea leo, kesho ungenitafuta tena. Nenda mapema, kaa mbele, usingoje zamu. Ukingoja zamu kila mtu atasema kabla yako na maneno yako yatapoa kama uji. Sema matatu tu: ni mimi, samahani, nitarekebisha. Na sauti ikitetemeka iache itetemeke, haijawahi kumuua mtu.

Mjomba wako

27 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika Jumamosi, siku mbili baada ya mkutano. Nimeisoma mara nne hata hivyo.

Sikukaa mbele. Nilikaa kwenye ngazi ya mwisho kando ya mama, nikangoja zamu, na kila mtu akasema kabla yangu. Nilikuwa na kikapu cha spinachi na giligilani kwa sababu niliona labda vitasema kwa niaba yangu. Mwenyekiti wa wapangaji alipoanza kuuliza nani anaunga mkono Babu Funguo aondoke, nilisimama nikakiweka kikapu mbele yake.

Akasema, "Binti, hapa hatununui mboga."

Watu wakacheka. Nikasema ni mimi. Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, na safari hii sauti ilitoka kubwa mno, hata mtoto wa fundi cherehani akaamka akalia. "Ndoo ni zangu. Udongo ni wangu. Babu hajui lolote." Na baada ya hapo, Mjomba, sikuweza kunyamaza. Nilieleza mabeseni, matundu, bomba, mpaka vitunguu vya Mama Filimbi. Sikuthubutu kumtazama mama.

Mwalimu mstaafu ndiye aliyejibu kwanza. "Dari langu lilipakwa rangi mara ya mwisho nikiwa na nywele. Lilikuwa linatafuta kisingizio." Kisha akachukua giligilani kutoka kwenye kikapu, bila kuomba.

Wameamua hivi: Babu Funguo anabaki. Ndoo zinabaki, ila juu ya matofali, mbali na bomba. Mimi nitasafisha bomba kila Ijumaa, na nitamsaidia fundi rangi kupaka lile dari. Ijumaa nilianza, na Babu Funguo alinishikia ngazi. Hakunisema vibaya. Alisema tu, "Kumbe utulivu wote ule ulikuwa unalima."

Usiku ule na kesho yake mama alizungumzia mvua tu. Jumamosi tulikuwa tunakata spinachi, nyingine ikichemka jikoni, mara akaweka kisu chini. Nilidhani sasa ndipo atanigombeza.

"Unajua kwa nini nilikupa wewe kazi ya mboga?" akauliza.

Nikasema kwa sababu nilimaliza shule.

"Kwa sababu namwogopa yule mwanamke," akasema. "Miaka yote hii. Kila nikifika ananitangaza. Nilikuwa nazunguka mtaa mzima kumkwepa. Siku ile ya kumshukuru, kabla sijaja kukuchukua, nilipita ng'ambo ya barabara mara tatu ndipo nikathubutu, na nilithubutu kwa sababu yako. Nilisema, kama mtoto wangu ameweza, mimi nina nini?"

Tulitazamana. Halafu tulicheka mpaka sufuria ikaungua, na spinachi ile tuliila hivyo hivyo.

Leo asubuhi tumekwenda wote wawili kupeleka nanaa. Mama Filimbi alipopaza sauti, mama alinibana mkono chini ya kanga, nami nikambana wake, na mimi ndiye niliyemjibu. Nilimwambia ulimi nimekuja nao leo. Alicheka kuliko wateja wake wote.

Lakini Mjomba, mama aliniapisha nisimwambie mtu kwamba anamwogopa muuza mboga, na hasa wewe, kwa kuwa anasema utamcheka mpaka uzeeni. Najua nimevunja kiapo kabla hata siku mbili hazijaisha. Tafadhali, ukija, ukimwona anashika kikapu na kukaza mwendo, usitabasamu. Barua hii ichome jikoni kwako, na usimwambie mtu yeyote.

Mpwa wako