Tairi Pana kwa Safari ya Sumbawanga

Majengo, Mpanda
11 Februari 1998

Kwako mdogo wangu mpendwa, Sista Specioza,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia kimoyomoyo, basi tuendelee. Mimi kaka yako Silvesta ni mzima, mwili unameremeta kama umepakwa grisi, hofu ni kwako wewe uliyeko kwenye baridi la Ufipa. Je, wamekupa blanketi la pili? Je, uji wa kitawa unashuka kooni? Kama haushuki usione haya, andika, nitakutumia karanga na asali ya Inyonga. Mama ni mzima, kile kikohozi kimemwachia. Ndugu yetu Danford naye yupo.

Kwanza pokea habari za bahati yangu, maana mwaka huu nyota yangu imewaka mpaka majirani wanakinga macho. Hapa Majengo siitwi tena Fundi Silvesta. Naitwa Mwokozi! Mimi ndiye niliyepanda lori la Masalu, nikaingia mpaka katikati ya hifadhi, nikafunga mnyororo kwenye gari la Danford, nikamng'oa Mama yetu kwenye tope jeusi kama jino bovu. Tangu siku hiyo nikipita sokoni chai inanifuata yenyewe. Wewe unajua mimi si mtu wa kujisifu, lakini sifa zikikufuata utazifukuza na fimbo?

Barua yako ya Januari tuliipata. Niliisoma mimi kwa sauti, kama kawaida, maana macho ni ya Mama lakini herufi ni zangu, na darasa la saba langu ndilo chuo kikuu cha nyumba hii. Danford alikuwa pale pale anamenya mihogo. Nilipofika ulipoandika kwamba siku ya nadhiri kiti cha Mama kilikaa kitupu mbele ya kanisa mpaka mtu akaweka mkoba wake juu yake, Mama alijifunika kanga usoni. Halafu nikafika pale uliposema maringo ya Danford na gari lake ndiyo yaliyokula siku yako, na kwamba asikanyage huko mpaka umwite mwenyewe. Ningeweza kuiruka mistari ile. Sikuiruka, tena niliisoma kwa sauti ya padri. Danford akaweka kisu chini, akatoka, akalifunika gari lake kwa turubai. Wiki nzima hakuligusa.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana wewe umepata mkia wa habari tu.

Danford alifika Desemba kutoka Mwanza, na gari lake likiwa limepakiwa kwenye behewa la mizigo la treni kutoka Tabora. Kresta nyeupe, silinda sita. Mji mzima ulikwenda stesheni kuliona likishushwa, utafikiri Baba Askofu anashuka. Nguvu yote ya gari lile iko nyuma. Tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, za mbele kazi yake ni kugeuza tu, kama mwenyekiti na wajumbe wake. Alipokanyaga mafuta pale stesheni, tako la gari likacheza ngoma, mchanga ukaruka ukawapaka waliokuja kushangaa, nao badala ya kukasirika wakapiga makofi. Mimi nikimtupia mtu mchanga hivyo si napelekwa polisi? Halafu akanipa funguo nikajaribu hatua chache, kama mtu anavyokuonjesha mchuzi ukiwa jikoni kwako mwenyewe. Mtoto huyu baiskeli nilimfundisha mimi, Specioza. Magoti yake niliyafunga vitambaa mimi.

Lakini hayo yote ningeyameza. Lililonikwama ni la Mama. Wewe unajua miaka kumi na moja nimempeleka misa kwa baiskeli kutoka hapa nyumbani, mvua na jua, mimi nakanyaga pedali na yeye nyuma anasali rozari. Jumapili ile Danford akampakia kiti cha mbele, wakaenda kanisani kioo kimeshushwa ili watu waone. Waliporudi nilikuwa nyuma ya nyumba, nikamsikia akimwambia jirani yetu Mama Lidia kwamba leo na yeye amepata mtoto wa kumbeba. Akaongeza kwamba karia ya baiskeli yangu imemuumiza kiuno miaka yote, ila alikuwa anaona haya kuniambia. Miaka kumi na moja! Nilikaa juu ya tairi la trekta nikaona moyo wangu unatoa upepo polepole kama tyubu iliyochomwa na pini.

Wiki moja kabla ya nadhiri zako, Danford akaja kibandani kwangu na seti mbili za matairi alizokuja nazo kutoka Mwanza. Seti ya kwanza ilikuwa kwenye spoti rimu zinazong'aa, inchi saba mbele na inchi nane nyuma, matairi mapana, mafupi, uso wake laini kama kiatu cha bwana harusi. Ya pili ilikuwa kwenye rimu za chuma, inchi tano na nusu zote, matairi membamba yenye meno ya kina. Akaniambia kwamba yeye anajua kuendesha tu, mambo ya miguu ya gari ananiachia mimi, kaka mkubwa na fundi, na nitakalochagua ndilo litakalompeleka Mama Sumbawanga.

Nikachutama. Nikapima kwa shubiri nafasi kati ya tairi na madigadi. Nikagonga rimu, nikakuna kidevu, nikamfundisha kama profesa. Nikamweleza kwamba gari lenye nguvu nyingi linalosukuma kwa nyuma linataka tairi pana nyuma, ili nguvu ipate pa kushika, la sivyo litapiga tako na kuzunguka kama pia. Na kwamba tairi pana linataka rimu pana, vinginevyo linavimba kama andazi na kuchomoka kwenye kona. Yote hayo ni kweli, Sista. Muulize fundi yeyote wa Dar es Salaam. Ni kweli ya barabara ya lami, na kutoka hapa mpaka kwako hakuna lami ya kufunika hata kaburi.

Dereva yeyote wa lori wa hapa anajua kwamba kwenye tope tairi jembamba linakata, linashuka, linakanyaga udongo mgumu wa chini. Pana linaelea juu, na likiwa laini linajipaka tope kama ndizi ya kukaanga. Tena lile la inchi nane lilikuwa limebakiza kidole kimoja tu kufika madigadi. Tope likijaa hapo, gurudumu halizunguki tena. Danford akauliza kama abebe na yale membamba kwenye buti kwa tahadhari. Nikamwambia buti aiache kwa ajili ya vikapu vya Mama. Nikamfungia yale mapana kwa mikono yangu hii, na nati nikazikaza vizuri sana.

Wakaondoka Alhamisi asubuhi. Mvua hizi wanazoziita El Nino zilikuwa zimepumzika, zikarudi saa nane. Mama anasema walipopita Sitalike na kuingia hifadhini gari lilianza kwenda upande kama kaa. Danford alipokanyaga mafuta, nguvu zile zote zilichimba shimo badala ya kusonga. Alivua koti akalisukuma chini ya tairi, halafu shati, halafu suruali ya suti aliyoshona kwa ajili ya siku yako. Alibaki na kaptura kwenye mvua, huku viboko wanakoroma kando ya mto. Maji yalipoingia miguuni alimbeba Mama mgongoni mpaka kwenye kichuguu. Mama akaanza kuimba Litania ya Watakatifu Wote, na anasema alipowamaliza akawarudia. Jumamosi, saa ulipokuwa unapiga magoti, yeye alikuwa bado pale, ameshika lile gauni lako alilokushonea, limefungwa kwenye nailoni.

Niliyachagua matairi yale makusudi, mdogo wangu. Nilitaka wakwame hapa karibu, kwenye tope la kwanza nje ya mji, ambapo kila mtu angemwona Danford na suti yake. Mama angerudi, na mimi nilikuwa nimeshaongea na Masalu nafasi mbili za mbele kwenye lori lake siku ya Ijumaa. Nilitaka akifika kwako uone ni mimi niliyemleta. Sikujua kwamba injini ile ina nguvu kuliko hesabu yangu, italivuka tope la mjini na kwenda kuwatupa mbali. Basi kiti kile kitupu nilikiacha mimi, si Danford. Tangu arudi hajanilaumu. Anasema matairi ya kaka yalikuwa mazuri, mguu wake ndio mbovu. Kila akisema hivyo natamani anipige.

Nakuomba umwite Danford mwenyewe kwa barua, kwa jina lake. Jana niliyafunga yale membamba yenye meno. Pasaka watakuja, na Mama atakaa kiti cha mbele, kiuno chake kipumzike. Mimi nitasubiri mpaka uniite. Na barua hii, kabla sijaitia gundi, nitawasomea wote wawili kwa sauti, kama nilivyowasomea ya kwako.

Wasalimie masista wote, hasa yule mpishi kama uji umeanza kushuka. Mama Lidia anakusalimu, watoto wa Masalu wanakusalimu, na nyie huko mtuombee na sisi wa kwenye grisi.

Ni mimi kaka yako mwenye kukupenda,
Silvesta

N.B. Nimewasomea. Nilipoanza tu, pale nilipojiita Mwokozi, Danford akainamisha kichwa, na Mama akaniambia nikimaliza nichukue kalamu niandike ilivyokuwa. Walivutwa Jumapili na trekta la askari wa hifadhi. Kuna na hili ambalo hata wao hawakulijua mpaka leo. Habari kwamba wamekwama zilinifikia Ijumaa asubuhi na mapema. Masalu alileta lori mpaka mlangoni kwangu, akapiga honi, akaniambia nipakie mnyororo na matairi membamba twende, jioni Mama atakuwa Sumbawanga. Nikamwambia azime injini, wacha bwana mkubwa aonje tope kwanza, tutakwenda kesho. Kesho yake maji yalikuwa yamefunga njia. Sikumwokoa mtu. Sikwenda.