Firigisi Tuliyokula Kitandani

Kitale, Jumanne usiku

Ati bei ya chakula hapa hotelini! Baba Neema alikataa, tukanunua ugali na mchuzi wa kuku kwa kibanda kule nje, tukala chumbani, sisi watatu kitandani.

Kwa mchuzi tukakuta firigisi. Nikamwekea Baba Neema bila kufikiria. Kwetu Bungoma hiyo ni ya mwenye boma peke yake, na mama mkwe huangalia kama nimempa.

Neema akaniuliza, "Mama, kwani ina ladha gani?"

Sijawahi kuionja. Miaka yote hii naipika tu.

Baba Neema akacheka, akaikata vipande vitatu. "Si mkule, bana. Hapa nani anatuona?"

Ni ngumu kidogo. Halafu tamu!

Kesho tunarudi nyumbani. Sijui kama mkono wangu utakubali kuipakua yote kwa sahani moja.