Tundu Lililokata Ndevu za Mfalme

Stesheni ya Kolwezi, 9 Mei 1993

Mpenzi Falonne,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, mama yako na kaka yako Omer. Je, bibi bado anakohoa asubuhi? Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Hii ni wiki ya tatu tangu tufukuzwe nyumbani, tunangoja treni ya Kasai. Nakuandikia nimekalia sanduku la vitabu vyangu, na daftari liko magotini.

Jirani yetu hapa stesheni ni mzee mmoja, tata Tshilombo, fundi wa mapambo. Wanawake wanamletea mikufu yao ya sarafu za kale, kwa maana wachuuzi wanapita wakisema zote ni za bandia, eti tangu lini bilulu, wadudu, kama wanavyotuita sisi wa Kasai, wakavaa fedha. Mimi hukaa karibu naye, na sasa ananiachia niwajibu wanawake. Sarafu ya kuiga ni nyepesi, na ukingoni ina mstari pale kalibu mbili zilipokutana. Lakini kwanza, anasema, tazama tundu. Ya kuiga ilizaliwa pambo: tundu lake liliachiwa nafasi, herufi zinalikwepa. Ya kweli ilizaliwa kwenda sokoni. Mtu aliitoboa baadaye, na tundu likakata chochote lilichokikuta.

Jana mama alimpa mkufu wangu. Tundu la sarafu yake limepita katikati ya ndevu za mfalme aliyechorwa humo. Tata Tshilombo akaidondosha sarafu juu ya jiwe, ikalia kama kengele ya misa, watu wakageuka. Mchuuzi Polycarpe, aliyeicheka asubuhi ile ile, akarudi mbio akiita mama yangu “mama mukubwa”, akaahidi kwamba kwa sarafu hiyo tutapata nafasi katika behewa la leo. Mama akalia kwa furaha.

Falonne, hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikanyamaza mpaka alipoanza kufunga masufuria.

Sarafu hii ni yako, ile uliyopewa na bibi. Siku ya Pentekoste mwaka jana, tulipovua nguo za kwaya, niliibadilisha na yangu. Sikujua iliyo ya kweli ni ipi. Nilipenda mlio wake tu. Nawe ulinishukuru, ukidhani nimekung'arishia yako. Shukrani ile imenichoma mwaka mzima.

Nilimweleza mama yote. Aliweka chini sufuria aliyoishika. Kisha akasema wanatuita wezi wa nchi ya watu, na yeye hataondoka Kolwezi akiwa amewapa ushahidi. Akayafungua masufuria, akaweka motoni maji ya kusongea bukari. Treni ya leo imekwenda. Tutangoja nyingine.

Tata Ngoy wa relini anakuletea sarafu, imeshonwa ndani ya kitambaa hiki. Usiniamini mimi: tazama ndevu, kisha uidondoshe jiweni usikilize. Ile yetu ya bandia usimpe mtu, wala usinitumie. Nitaifuata mwenyewe.

Msalimie bibi, umwambie aliyemchukulia sarafu yake ni mimi, na jina langu ulitaje lote.

Ni mimi rafiki yako, kama bado unanikubali,

Mushiya Bilonda